Mbunge asiye na jimbo

Kimya kingi kilikuwa cha tesi. Wiki hii kwenye semina kulizuka ubishi: Mwanasheria Mkuu wa Serikali ni mbunge wa wapi? Mimi wa Kilwa swali hilo linanigusa, ntawaambia kwa nini.

Kiti chake ni kikongwe kuliko Bunge lenyewe. Mwaka 1926 Waingereza walipounda Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, Mwanasheria Mkuu alikuwemo kwa cheo chake tu. Mwafrika hakuwemo hata mmoja mpaka 1945. Yaani Umatumbi kulikoanzia Majimaji 1905, miaka ishirini baadaye kunatungiwa sheria na watu ambao hakuna aliyewapigia kura. Uhuru ukaja, cheo kikabaki. Alikishika kwanza Mwingereza, Roland Brown, kisha 1965 akaja Mark Bomani, mzalendo wa kwanza.

Katiba ya 1977 nayo inampa ubunge kwa wadhifa wake. Kichekesho ni kwamba kwenye Baraza la Mawaziri anahudhuria na kuongea, ila hana kura. Sasa ofisi yake ndiyo inayoandika miswada ya serikali, halafu bungeni anasimama yeye huyo huyo kuwaambia wabunge kama hoja zao zinakwenda na sheria. Fundi aliyeshona nguo ndiye anakwambia imekukaa!

Turudi Kilwa. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, na 2004 ikaanza kwenda Dar kwa bomba. Julai 2015 miswada mitatu ya mafuta na gesi ikaingia bungeni kwa hati ya dharura, Mwanasheria Mkuu akiwa George Masaju. Wapinzani walilalamikia haraka ile, lakini ikapita. Jamani, gesi imekaa chini miaka yote hiyo, dharura ya nini? Mzee wa Songo Songo angepata wapi nafasi ya kuusoma mswada? Afadhali sheria ya 2017, angalau ililipa Bunge nguvu ya kuipitia mikataba ya maliasili.

Wenzetu Kenya, kwa Katiba ya 2010, walimtoa kabisa bungeni. Mimi siafiki. Akiwa ndani anaulizika. Frederick Werema alijiuzulu Desemba 2014 baada ya Bunge kuuchambua ushauri wake kuhusu fedha za Tegeta Escrow. Ninachotaka ni wabunge wawe na wanasheria wao wa kutosha na muda wa kusoma, wasimtegemee mwanasheria wa upande wa pili.

Maana pale Likong'o, Lindi, kuna ule mradi wa kusindika gesi uliojadiliwa miaka nenda rudi. Mkataba mkubwa kama ule lazima upite mezani kwake. Wa Lindi mnaosoma hapa, mbunge wenu mmeshamuuliza chochote?