Majina ya Ndege wa Amani

Msafiri apandaye kutoka Muheza kwenda Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, hufikia msitu wenye njia nyembamba, ambamo ndege husikika zaidi kuliko kuonekana. Huko Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, na ndege wa mlima wakaanza kuandikwa vitabuni kwa majina ya wageni. Bundi mkubwa wa Usambara alipewa jina la Vosseler, mtaalamu wa kituo hicho, mwaka 1908. Mwaka 1931 ndege mdogo wa kijivu, mwenye mdomo mrefu, akapewa jina la Reginald Moreau.

Moreau, Mwingereza aliyepata kuwa mkaguzi wa hesabu za jeshi huko Misri, alikaa Amani tangu 1928 hadi 1946. Kazi yake ni kubwa, wala siitilii shaka. Lakini ni nani waliokaa karibu na viota, saa baada ya saa, wakihesabu mara ngapi ndege ameondoka na mara ngapi amerudi? Ni Waafrika aliowaajiri. Na msaidizi wake wa karibu alikuwa Salimu Asmani. Moreau mwenyewe alikusanya na kuchapisha majina ya ndege yaliyotumiwa na wenyeji. Basi alijua ya kuwa watu hao wana elimu yao.

Leo msitu ule umo katika hifadhi iliyotangazwa mwaka 1997, na mara nyingi mtazamaji wa ndege huongozwa na mwenyeji. Mwenyeji husimama, hutega sikio, huinua kidole, kisha hulitaja jina la Moreau.