Nyonyo Zilizorusha Ndege

Mnyororo wa baiskeli yangu ndio ulianzisha haya yote. Nilikuwa nimeacha chuo, mfukoni hakuna kitu, na shosho alikuwa na chupa ya mafuta ya nyonyo aliyoyapika mwenyewe. Nikapaka. Wiki ya kwanza baiskeli ilinyamaza kabisa, raha tupu. Baada ya mwezi mmoja hivi mnyororo ulikuwa umenata kama umemwagiwa gundi. Shosho akanicheka: "Hayo mafuta hayangoji mtu. Ukiyaacha, yanaganda."

Mbarika unaujua hata kama hujui jina lake. Ni ule mmea wa majani mapana kama kiganja, unaoota kando ya reli na kwenye majalala ya Nairobi. Shosho hukaanga nyonyo kidogo, huzitwanga, huzichemsha kwenye maji, kisha huyaengua mafuta yanapoelea. Halafu huyarudisha jikoni. Yakiendelea kupasuka-pasuka, bado yana maji. Yakitulia, hutia tone kati ya kidole gumba na cha shahada, hutenganisha vidole polepole na kuangalia uzi unaovutika. Hiyo ndiyo maabara yake.

Sasa, mwaka 1908 huko Ufaransa, ndugu wawili wa ukoo wa Seguin walikuwa wanaunda injini ya ndege iitwayo Gnome. Ilikuwa injini ya ajabu: shafti ilifungwa kwenye ndege isisogee, na silinda zote ndizo zilizozunguka pamoja na pangaboi. Petroli iliyochanganyika na hewa ilipitia tumboni mwa injini, palepale penye oili. Ukitia oili ya madini humo, petroli inaiyeyusha na kuiosha, na vyuma vinabaki vikisagana. Mafuta ya nyonyo hayachanganyiki kirahisi na petroli. Karibu asilimia 90 ya asidi zake za mafuta ni risinoleiki, ambayo ina kipande cha oksijeni na hidrojeni kinachoifanya ing'ang'anie chuma na kujishikilia yenyewe. Ule uzi wa shosho, basi.

Waingereza walipima kitu hichohicho kwa kifaa cha Redwood: unapasha mafuta joto, unafungua tundu dogo, unahesabu sekunde hadi mililita 50 zitoke. Mnamo 1909 kampuni ya Charles Wakefield ikaanza kuuza oili kwa jina Castrol, lililotokana na jina la Kiingereza la mbarika. Ndiyo, Castrol hiyohiyo unayoiona petroli stesheni.

Oili ya Gnome haikurudi. Ilipita mara moja na kutupwa nje, lita kadhaa kila saa, na nyingine ikamrudia rubani usoni. Waliivuta na kuimeza, na wewe unajua nyonyo hufanya nini tumboni. Wapenzi wa historia huishia hapo, kwa kicheko. Mimi navutiwa zaidi na vita yenyewe. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, serikali ilianza kutafuta wakulima wa kupanda mbarika.

Na injini hizo zilifika kwetu. Mapema 1915 Waingereza walileta ndege za majini za Sopwith, zenye injini ya Gnome, kwenye kisiwa cha Niororo karibu na Mafia, kuisaka manowari ya Wajerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji. Joto liliwatesa, ndege zilipaa kwa taabu. Zikaletwa ndege za aina nyingine, na tarehe 11 Julai 1915 manowari hiyo ikapigwa hadi ikawa chuma chakavu.

Nimesikia ikisemwa kwamba mafuta ya mimea yalitupwa kwa sababu ni ya kienyeji. Hapana. Injini zilibadilika. Zile zilizokuja baadaye ziliizungusha oili ileile tena na tena, ikiwa moto, na nyonyo ikipigwa na joto na hewa muda mrefu hugeuka utandu wa kunata. Hata mafundi wa Gnome walilazimika kuifungua injini mara kwa mara na kuusugua utandu huo.

Nami sasa kila Jumamosi naosha mnyororo kwa mafuta ya taa, naufuta ukauke, kisha natia nyonyo mpya. Shosho ananidai chupa ya tatu.