Usiku nani anahesabu? Historia ya pampu ya insulini, na ulizo la dada yetu mmoja



Leo historia yangu si ya wafalme wala ya vita. Ni ya mashini moja ndogo inayoingia katika mfuko wa suruali. Ilianza na ulizo. Dada mmoja tuliyesoma naye iniversite, yeye iko na ugonjwa wa sukari wa aina ya kwanza tangu utoto, alinipigia simu mangaribi moja: "Yaya, mujomba wa Bruxelles anasema atanilipia pompe ya insulini, ile yenye kujiongoza yenyewe. Amenitumia majina tatu. Minachagua gani?"

Mimi nilisoma historia, si munganga. Nikamujibu: "Ulizo la munganga umupelekee munganga. Lakini nipe siku mbili, nitakuambia hiyo mashini ilitoka wapi." Siku mbili zikawa wiki mbili. Haya ndiyo niliyomuandikia, na ameniruhusu niyaweke hapa bila jina lake.

1. Kwanza kulikuwa insulini

Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili yenyewe inaharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Haitokani na kula sukari sana, haitokani na ulozi. Bila insulini, sukari inabaki katika damu na haiingii katika chembe. Mwili unaanza kuchoma mafuta yake, damu inakuwa na asidi, na mtu anakufa. Mpaka mwaka 1921 dawa haikuwako. Banganga walikuwa na njia moja tu: kumnyima mtoto chakula, ili aishi mwaka mmoja ao miwili zaidi, amebaki mifupa.

Katika majira ya joto ya 1921, kule Toronto, Canada, Frederick Banting na Charles Best walianza kufanya majaribio na imbwa katika maabara ya profesa J. J. R. Macleod. James Collip, mtaalamu wa kemia, akaja baadaye kusafisha ile dawa. Tarehe 11 Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alipigwa shindano la kwanza. Halikufaa sana, dawa ilikuwa bado chafu. Tarehe 23 Januari wakarudia na dawa iliyosafishwa na Collip, na sukari ikashuka. Kijana yule aliyekuwa anangoja kufa aliishi miaka 13 zaidi. Wagunduzi waliiuzia iniversite ya Toronto haki ya ugunduzi kwa dola moja moja. Mukumbuke hiyo dola moja tutakapofika kwenye bei.

Lakini shindano halifikiri. Kongosho nzima inapima sukari kila dakika na kutoa insulini tone kwa tone. Shindano linaingia mara moja, na likisha kuingia haulitoi tena. Insulini ikizidi, sukari inashuka, mtu anatetemeka, anapoteza fahamu, na anaweza kufa usingizini. Ikipunguka, miaka inapita na macho, figo na mishipa vinaharibika polepole. Njo maana mgonjwa wa aina ya kwanza anakuwa kongosho yake mwenyewe: anapima, anahesabu chakula, anahesabu mwendo, anahesabu homa. Mchana anaweza. Lakini usiku nani anahesabu? Historia yote inayofuata ni ya watu waliotafuta jibu la ulizo hilo.

2. Mashini kubwa sawa kabati

Mwaka 1963, kule Los Angeles, daktari Arnold Kadish alitengeneza pampu ya kwanza. Ilibebwa mgongoni sawa mzigo wa askari, haikuwa kitu cha kwenda nacho soko. Mwaka 1974 kikundi cha Albisser, tena kule Toronto, kilionyesha mashini iliyopima damu na kuamua yenyewe insulini ya kutoa. Mwaka 1977 kompani Miles Laboratories ikauza Biostator. Hiyo ilivuta damu ya mgonjwa bila kukoma, ikapima, ikahesabu, ikarudisha insulini ao sukari katika mshipa. Ilifanya kazi vizuri. Shida ni kwamba ilikuwa kubwa, na mgonjwa alilala kando yake hospitalini, amefungwa na mipira. Wazo lilikuwa limeshinda, lakini halikuweza kurudi nyumbani.

Wengine wakachukua njia tofauti: tupunguze mashini, na kufikiri tumwachie mtu. Miaka ya 1970 Dean Kamen kule Marekani alitengeneza pampu ndogo ya kuvaa. Mwaka 1978, London, John Pickup na Harry Keen na wenzao wakaonyesha kwamba insulini inayoingia polepole chini ya ngozi, mchana na usiku, inatuliza sukari. Lakini pampu hizo zilikuwa vipofu. Zilitoa kile zilichoambiwa, hata kama sukari ilikuwa inaanguka.

Mwaka 1993 utafiti mkubwa wa Marekani na Canada, watu 1,441, ukamaliza mabishano ya zamani. Wale waliochunga sukari karibu na kawaida, kwa pampu ao kwa mashindano mengi kwa siku, waliokoa macho yao: kati ya walioanza bila shida ya macho, hatari ilipungua kwa asilimia 76. Habari njema. Lakini kulikuwa deni: kwa watu hao hao, sukari kuanguka vibaya kuliongezeka karibu mara tatu. Yaani banganga waliwaambia wagonjwa, "Mukaribie ukingo, huko njo kuzuri, lakini musianguke." Na wazazi wakaendelea kuamka saa nane za usiku kutoboa kidole cha mtoto.

3. Wale waliokataa kungoja

Kilichobaki kilikuwa jicho. Mwaka 1999 Marekani iliruhusu kihisi cha kwanza cha kukaa chini ya ngozi na kupima sukari kila dakika chache. Kile cha kwanza kilionyesha matokeo kwa munganga baada ya siku tatu tu, sawa mwalimu anayerudisha mtihani wakati mwaka umekwisha. Katikati ya miaka ya 2000 vikatokea vile vinavyomuonyesha mgonjwa mwenyewe, saa ile ile.

Basi pampu iko, kihisi kiko, telefone yenye akili iko. Lakini vitu vitatu hivyo havikuongea. Kompani na serikali zilikwenda polepole, na tuwe wakweli, si bule: mashini ya insulini ikikosea, inaua. Lakini polepole nayo inaua.

Mwaka 2013 John Costik, baba wa mtoto mdogo mwenye aina ya kwanza, na mtu wa programu za kompyuta, aliandika programu iliyomwezesha kuona sukari ya mtoto wake akiwa kazini. Akaigawa. Hapo ikazaliwa Nightscout. Kule Seattle, Dana Lewis alikuwa na shida ingine: alilala usingizi mzito na hakusikia kengele ya kihisi chake. Alikuwa anaishi peke yake na aliogopa kulala. Yeye na Scott Leibrand wakachukua programu ya Costik, wakaongeza kengele ya nguvu, kisha hesabu za kutabiri sukari itakuwa wapi baadaye. Ben West alikuwa ametumia miaka kujifunza namna ya kuongea na pampu. Walipoungana, mwezi Desemba 2014, hesabu zikaanza kuamuru pampu zenyewe. Dana akalala. Mwaka 2015 wakafungulia watu wote mpango wao, bila malipo, kwa jina OpenAPS.

Hapa kuna kitu cha kuchekesha. Pampu waliyoitumia ilikuwa ya zamani, yenye kosa la usalama: kompyuta ya nje iliweza kuiamuru. Kosa la kiwanda njo lilikuwa mlango wa uhuru wao. Wagonjwa wakaanza kutafuta pampu nzee sawa watu wanaotafuta almasi.

Tarehe 28 Septemba 2016 serikali ya Marekani iliruhusu mfumo wa kwanza wa kiwandani, MiniMed 670G wa Medtronic. Desemba 2019 ikaja Control-IQ ya Tandem. Katika utafiti wake wa miezi sita, watu 168, wale walioitumia walitoka asilimia 61 ya wakati wao katika sukari nzuri, yaani kati ya 70 na 180, wakafika 71. Inaonekana kidogo? Hesabu: ni zaidi ya masaa mawili kila siku, kila siku ya maisha. Mwaka 2022 ikafuata Omnipod 5, isiyo na mpira, inayobandikwa kwenye ngozi. Mwishoni mwa 2023 Uingereza ikapendekeza mifumo hii itolewe na huduma ya afya ya taifa kwa wagonjwa wengi wa aina ya kwanza.

Muangalie vizuri: karibu mifumo yote hii bado inaitwa nusu. Unapokula, lazima uiambie. Fufu ya mama haionekani na kihisi mpaka imekwisha kuingia katika damu. Usiku, wakati hakuna chakula, njo inaonyesha nguvu yake yote.

4. Sasa, kuchagua

Dada yangu aliniuliza majina. Historia ilinipa maulizo, na maulizo haya yanakuja mbele ya jina.

Kwanza: insulini gani? Pampu inatumia insulini ya haraka peke yake. Ile ya mchanganyiko, 30/70, inayopatikana katika mafarmasi mengi ya kwetu, haiingii katika pampu hata kidogo. Kama ile ya haraka haipatikani kila mwezi, pampu ni kisanduku cha plastiki.

Pili: vitu vya kubadilisha vitatoka wapi? Pampu ya kubandika inabadilishwa kila siku tatu, ni karibu 122 kwa mwaka. Kihisi cha siku 10 ni 36 ao 37 kwa mwaka. Basi mujomba hanunui mashini, anaahidi mzigo wa kila mwezi, kwa miaka. Na mzigo una njia yake: Januari 2025 uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na sisi wote tunajua ilimaanisha nini kwa kila kitu kilichokuwa kinakuja kwa ndege.

Tatu: ikizimika usiku? Mwenye pampu hana insulini ya muda mrefu iliyojificha mwilini. Mpira ukiziba ao betri ikiisha, katika masaa machache damu inaanza kuwa na asidi. Kwa hiyo mwenye pampu lazima abakie na mashindano na insulini ya muda mrefu nyumbani, na ajue kipimo chake bila kuuliza mashini.

Nne: munganga gani ataifuata? Mifumo haifanani. MiniMed 780G inalenga kati ya 100 na 120, Omnipod 5 ilipotoka mwaka 2022 ililenga kati ya 110 na 150. Mmoja una mpira, mwingine hauna. Mmoja unaongozwa na telefone, mwingine una kioo chake. Mtu wa kuipanga hiyo lazima awe na jina na namba ya simu, si video ya intaneti.

Nilipomaliza kumusomea, alinyamaza kidogo. Akasema: "Yaya, unajua tangu niko mudogo mama analala kwenye kiti pembeni ya kitanda yangu? Kila usiku ananipima. Iko na miaka makumi sita sasa." Kisha akasema: "Nitamuambia mujomba aanze na kihisi, na insulini ya mwaka. Kihisi kitaniamusha mimi, mama alale. Pompe tutaongea na munganga, tukiona vitu vinafika bila kukatika miezi sita."

Mimi sikumuchagulia. Lakini niliona amefuata njia ile ile ya historia: insulini kwanza, kisha jicho, kisha akili. Dana Lewis naye alianza na kengele ya kumuamusha.

Neno la mwisho kwa ninyi wote, hata wasio na mgonjwa nyumbani. Kwetu watoto wengine wa aina ya kwanza hawafiki hata kwenye ulizo la pampu, juu wanakufa wakitibiwa malaria. Mukiona mtoto anakunywa maji sana, anakojoa sana, anakonda, anapumua kwa nguvu, muombe wapime sukari yake siku ile ile. Kipimo ni tone moja la damu, na jibu linatoka katika sekunde chache.

Na kama kati yenu kuna anayetumia pampu hapa nyumbani ao huko nje, atuambie vitu vyake vinafikaje. Dada yetu anasoma.