Ndengu zilizomea: Misosi 3 ya chap chap ya kupika kejani gesi ikikaribia kuisha

Ni tarehe 24, mshahara bado, na mtungi wa gesi ukiuinua unaskia mwepesi. Kwa kabati umebakisha ndengu, na unajua vizuri kuchemsha ndengu kavu ni dakika 40 na zaidi za moto. Tulia, msee. Ziache zimee kwanza.

Ndengu ikimea inalainika, kwa hivyo inaiva kwa dakika 10 hivi. Vitamini C, ambayo ndengu kavu iko nayo kidogo sana, inaongezeka. Zile sukari zinazojaza tumbo hewa nazo zinapungua. Kama mnaishi wawili bedsitter moja, mwenzako atakushukuru.

Jinsi ya kuzimeesha

Chagua kikombe kimoja cha ndengu, toa mawe na zilizovunjika. Osha, loweka kwa maji safi usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, weka kwa chujio au bakuli, funika na kitambaa safi chenye unyevu. Zisuuze asubuhi na jioni na uhakikishe maji yametoka yote, la sivyo zitaoza. Baada ya siku 2 utaona vimkia vyeupe na kikombe kimoja kimekuwa viwili au zaidi. Zikinuka vibaya au zikianza kuteleza, tupa. Usijaribu kuziokoa na pilipili.

1. Ndengu za kukaanga na chapo

Kaanga kitunguu, saumu na tangawizi. Ongeza nyanya 2 na hoho, ziive hadi ziwe rojo. Mimina ndengu vikombe 2, chumvi na maji nusu kikombe. Funika dakika 10, maliza na dhania. Chapo ikikosa, hata ugali inaenda.

2. Mayai na ndengu

Hii ni ya asubuhi ukichelewa job. Chemsha ndengu kiasi cha ngumi moja hadi ziive, mwaga maji. Kaanga kitunguu na nyanya, tia ndengu, kisha mayai 2 yaliyopigwa. Koroga hadi mayai yashike. Kula na mkate.

3. Pojo za nazi

Mombasa ndengu huitwa pojo, na wenyewe wanajua nazi ndio mpango mzima. Kaanga kitunguu, saumu na manjano kidogo, tia ndengu na tui jepesi, zichemke dakika 10. Mwisho ongeza tui zito, punguza moto na koroga taratibu lisikatike. Wali mweupe kando, umemaliza.

Hapa usicheze

Usizile mbichi, hata kama umeona mtu akizitupa kwa saladi. Joto na unyevu unaomeesha ndengu ndio huo huo unaozalisha bakteria kama salmonela na E. coli. Mwaka wa 2011 huko Ujerumani, mbegu za uwatu zilizomea zilileta mlipuko wa E. coli uliomaliza zaidi ya watu 50. Kama nyumbani kuna mjamzito, mtoto mdogo au mzee, hii si ya kujadili: zipikwe hadi ziive kabisa.

Na usifikirie maharagwe mekundu ni vile vile. Hayo yana sumu ya asili, na kuyameesha hakuiondoi. Lazima yaloweke, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 ndio uendelee kuyapika hadi yalainike. Ukikosea, utakesha choo ukitapika na kuendesha.

Zikibaki, weka kwa friji na uzipike ndani ya siku 2. Huna friji? Meesha zile utamaliza siku hiyo, na kila usiku loweka nyingine kidogo. Hivyo hadi mshahara uingie, kila jioni kuna kitu cha kuweka kwa sufuria.