Wasichana Walioshika Kalamu Wenyewe

Ndugu msomaji, wiki hii naomba tuziache siasa zipumue kidogo, tuzungumze mapenzi. Tena mapenzi ya kuchorwa.

Vijana wetu wa mijini wanasoma sana manga, yaani hadithi za picha za Kijapani. (Wazee msishtuke, sizungumzii ile Manga ya majahazi na pilipili.) Moja waliyonionyesha inamhusu mwanafunzi mwenye haya, anayejificha chumba cha sanaa na brashi zake, na msichana mtukutu wa darasa la chini yake anayemchokoza mpaka moyo unamfunguka kidogo kidogo. Watu wanaijua kwa jina la huyo msichana, Nagatoro. Ilianza 2017, ikamalizika 2024. Nikajiuliza, huyu mchoraji na huyu mkaidi wametoka wapi?

Wametoka mbali. Mwaka 1953 Osamu Tezuka, mwanamume aliyesomea udaktari, alianza kuchora katika jarida la wasichana kisa cha binti mfalme anayelelewa kama mwana wa kiume. Kwa miaka mingi baadaye majarida hayo yalijaa kazi za wanaume, na wahariri walikuwa wanaume vilevile. Mapenzi yalikuwa haba. Kilichotawala ni machozi: yatima, na mama aliyepotezana na mwanawe.

Mwaka 1964 Machiko Satonaka, mwanafunzi wa miaka 16, akashinda tuzo ya kwanza ya wachoraji wapya ya kampuni ya Kodansha. Hebu fikiri hapo: mchoraji na msomaji wake sasa walikuwa rika moja! Mwaka uliofuata Yoshiko Nishitani akamleta Mary Lou, msichana wa kawaida tu na mashaka yake ya mapenzi. Na mkaidi je? Huyo alikuja kwa kishindo mwaka 1969, Hideko Mizuno alipomchora kijana wa Kimarekani, mwimbaji wa muziki wa roki, katika hadithi aliyoiita Fire!

Lakini ninayemhusudu zaidi ni Moto Hagio, aliyezaliwa 1949 huko Omuta, mji wa makaa ya mawe. Wazazi wake hawakutaka kabisa kusikia habari za katuni. Kwao kuchora hakukuwa kazi, na nadhani wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wangesema hivyohivyo. Naye alishaamua tangu sekondari, baada ya kusoma kitabu kimoja cha Tezuka. Kuanzia 1970 aliishi Oizumi, pembezoni mwa Tokyo, katika nyumba ndogo ya kupanga pamoja na mchoraji mwenzake Keiko Takemiya. Wasichana wengine wenye kalamu walikuja hapo, wakachora, wakabishana, wakalala palipopatikana nafasi.

Mwaka 1974 Hagio akaanza hadithi ndefu kuhusu wanafunzi wa bweni huko Ujerumani. Kura za wasomaji zilipohesabiwa, ilikuwa ya mkiani, na wahariri wakataka ikatwe. Wale wanaojua vyumba vya habari wanaelewa maana yake: mhariri akishashika mkasi, humwombi kwa machozi. Hagio aliomba apewe muda. Wakati huohuo kitabu chake cha kwanza cha hadithi ya ukoo wa wanyonya damu kikaingia madukani. Nakala 30,000 zikaisha kwa siku tatu. Mkasi ukarudishwa mezani, na ile hadithi ya bweni ikaendelea mpaka mwisho.

Serikali ya Japani ilimtunuku nishani ya utepe wa zambarau mwaka 2012. Nyumbani ilichukua muda mrefu. Mwaka 1992, akiwa tayari na jina kubwa nchini mwake, alichora kisa cha mama ambaye kila akimtazama binti yake haoni mtoto, anaona mjusi. Wala hakuficha kwamba kisa hicho kilitoka kwao.