Msamiati wa Chombo cha Tanga: Kutoka Njia ya Misafara Hadi Mtepe

Kigwa ni kijiji cha Unyamwezi, mashariki ya Tabora, katika njia ya kale ya misafara. Hakuna bahari hapa, wala ziwa. Mtoto wa Kigwa hukutana na maneno kama foromali, omo na tezi katika kitabu cha shule kabla hajaona hata ngalawa. Hata hivyo, ni kutoka Kigwa tunapopenda kuanza habari ya chombo cha tanga na ya juhudi za kukirudishia uhai, kwani njia ipitayo hapa ina somo ambalo bahari yenyewe haikulitoa.

Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, akapita Kigwa mwezi Juni, na tarehe 23 ya mwezi huo akaingia Unyanyembe. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1872, kama katika kile cha Burton cha mwaka 1860, msomaji wa Uingereza alikutana na maneno yasiyo ya lugha yake: pagazi, kirangozi, tembe, doti, hongo. Waandishi hao hawakuyaandika kwa kuipenda lugha yetu. Waliyaandika kwa sababu kwao hapakuwa na msafara wa namna hii, na hivyo hawakuwa na maneno ya kuutajia. Ilibidi wayachukue ya wenyewe. Ndiyo maana leo mtu akitaka kueleza jinsi mpagazi alivyofunga mzigo, alivyolipwa posho na alivyopokea amri ya kirangozi, anayo maneno yaliyotumiwa njiani siku hizo hizo.

Chombo cha tanga hakikupata bahati hiyo. Mgeni wa Ulaya aliyeshuka Zanzibar alikuwa amekuja kwa merikebu, na alikuwa na jina la kila mti na kila kamba. Alipoiona foromali aliandika neno la kwao. Alipoona farumi ikipakiwa ngamani, vivyo hivyo. Kwa kuwa alidhani anakijua chombo, hakuuliza kinavyoitwa. Basi likatokea jambo la ajabu: msafara uliopita nyika za mbali uliandikwa kwa maneno yetu, na jahazi lililotia nanga mbele ya macho ya kila mtu likaandikwa kwa maneno ya wengine.

Si kwamba kazi yote ilipuuzwa. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, na zile za Sacleux na Johnson zilizotoka mwaka 1939, zilikusanya maneno mengi ya mabaharia. Mwaka 1965 Prins alichapisha kitabu kizima juu ya ubaharia wa Lamu. Lakini neno lililolala katika kamusi bila kuoneshwa mahali pake chomboni ni kama ufunguo usiojulikana mlango wake. Udhaifu huo huonekana wazi siku ile watu wanapotaka kukiunda tena chombo kilichotoweka.

Mtepe na kutoweka kwake

Chombo chenyewe ni mtepe. Ulikuwa chombo cha kushonwa, usio na msumari hata mmoja. Mbao zake zilitobolewa matundu kingoni, zikaunganishwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, na matundu yakazibwa ili maji yasipenye. Ubavu ulishonwa kwanza, na mataruma yakatiwa ndani baadaye. Tanga lake halikuwa la pembe tatu kama la jahazi tunalolifahamu, bali la mraba, na halikuwa la kitambaa bali la mkeka wa miyaa. Omo lake lilichongoka kama shingo ya ngamia, na ubavuni kwa mbele palichorwa jicho.

Ushonaji wa vyombo katika pwani yetu ni wa kale sana. Mwandishi wa Kigiriki aliyetunga mwongozo wa biashara ya Bahari ya Hindi katika karne ya kwanza alitaja mashua za kushonwa, na jina la bandari ya Rhapta limetokana na neno la Kigiriki la kushona. Watu wa Vasco da Gama, walipofika Msumbiji mwaka 1498, waliandika habari za vyombo visivyo na misumari, vilivyofungwa kwa kamba na kuvutwa na matanga ya mkeka.

Mtepe ulikuwa na faida na hasara zake. Kwa kuwa mbao zake zilifungwa kwa kamba, ubavu uliweza kunepa kidogo, na chombo kilistahimili kupwelewa mchangani na kugongwa na mawimbi ya ufukweni. Lakini maji yaliingia, na baharia hakuacha kuyateka. Mitepe ya Lamu na visiwa vyake ilipeleka boriti za mikoko Zanzibar na kwingineko. Majahazi ya misumari, yenye tanga la kitambaa, yalizidi kuishinda, na katika miaka ya 1930 mitepe ilitoweka baharini.

Kilichobaki ni mifano midogo katika makumbusho, picha chache, michoro ya wageni na kumbukumbu za wazee. Kwa ushahidi wa namna hiyo mtepe uliundwa upya Zanzibar mwaka 2003, ukapewa jina la Shungwaya na kuwekwa katika ua wa ndani wa Beit-al-Ajaib, jumba lililokuwa makumbusho. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kijana wa Kizanzibari aliweza kusimama chini ya omo la mtepe na kuuona ukubwa wake.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Twalitaja tukio hilo la huzuni kwa sababu linatuonya. Mbao huoza, kamba hukatika, na hata jumba la mawe huanguka. Kilichoandikwa vizuri na kunakiliwa mahali pengi ndicho kinachoweza kumfaa fundi atakayetakiwa kuanza tena.

Henza si jarari

Hebu tuone jinsi neno lisilopimwa linavyoweza kumpoteza fundi. Mara nyingi henza na jarari hufafanuliwa kwa maneno yale yale: kamba ya kupandishia tanga. Mfasiri akiishia hapo atadhani kwamba ni majina mawili ya kitu kimoja, na huenda akalifuta moja. Lakini chomboni ni vitu viwili. Henza ni kamba nene inayoishika foromali. Mwishoni mwake hufungwa kapi liitwalo gofia, na ndani ya gofia ndimo ipitamo jarari, kamba nyembamba zaidi ambayo mabaharia huivuta. Bila gofia na jarari, henza haivutiki kwa nguvu za watu wachache. Tukilipoteza neno moja kati ya hayo matatu, tunaupoteza ufahamu wa mtambo mzima.

Hatari nyingine ni maneno yenye maana mbili. Demani ni majira ya mwaka. Chomboni ni kamba ya tanga, na upande wa demani ni ule usiokabili upepo, kinyume cha upande wa joshi. Sifa ni neno la kumtukuza mtu. Kwa mabaharia ni mafuta ya papa na samaki wengine, yapakwayo mbao zisiharibiwe na maji. Mwalimu akimwambia mwanafunzi kwamba chombo kilipakwa sifa, bila kueleza, darasa zima litacheka, na halitakuwa na kosa.

Kwa faida ya wasomaji wetu, tunaorodhesha hapa baadhi ya istilahi ambazo mfasiri wa habari za vyombo hawezi kuzikwepa:

Mkuku: mti mrefu wa chini kabisa, ambao juu yake chombo huanza kuundwa.
Taruma (wingi mataruma): mti uliopinda, unaouimarisha ubavu kwa ndani.
Omo: sehemu ya mbele ya chombo.
Tezi: sehemu ya nyuma ya chombo.
Foromali: mti unaofungiwa tanga na kupandishwa mlingotini.
Henza: kamba nene inayoishika foromali ipandishwapo.
Gofia: kapi lililofungwa kwenye henza.
Jarari: kamba ipitayo katika gofia, ivutwayo na mabaharia.
Farumi: mawe au mchanga upakiwao ili chombo kitulie majini.
Kalafati: kuziba nafasi za mbao kwa pamba au nyuzi.
Deheni: mchanganyiko wa mafuta na chokaa upakwao chini ya chombo.

Kazi nne, majina manne

Upungufu mwingine hauko kwenye chombo bali kwenye kazi yenyewe. Katika taarifa za ofisi neno ukarabati hutumiwa kwa kila jambo: kupaka rangi, kubadili mbao, kuunda chombo kipya chenye sura ya kale. Mtumishi anayegawa fedha na fundi anayezipokea hawawezi kuelewana wakitumia neno moja kwa kazi nne. Twapendekeza zitofautishwe hivi.

Hifadhi ni kukizuia chombo kisiendelee kuharibika, bila kukiongezea kitu. Ukarabati ni kutengeneza kilichoharibika ili chombo kifanye kazi tena. Urejeshaji ni kukirudisha chombo chenyewe katika sura ya wakati fulani unaojulikana kwa ushahidi. Uundaji upya ni kutengeneza chombo kipya kwa kufuata kilichotoweka. Na kitokanacho na kazi hiyo, kikiwa na ukubwa kamili, kiitwe nakala, ili neno mfano libakie kwa kile kidogo cha kuoneshwa mezani.

Mifano iko karibu nasi. Meli iliyokuja kuitwa Liemba ni ya chuma wala si ya tanga, lakini historia yake yafaa. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande katika masanduku yapatayo 5,000, ikapita Tabora kwa reli hadi Kigoma, na kuteremshwa ziwani mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Huo ulikuwa ukarabati: chombo ni kile kile, na shabaha ilikuwa kusafirisha watu na mizigo. Mtepe wa mwaka 2003, kwa upande mwingine, ni nakala. Ndivyo ilivyo pia Jewel of Muscat, chombo cha kushonwa kilichoundwa Oman kwa kufuata mabaki ya chombo cha karne ya 9 yaliyopatikana karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, mwaka 1998. Chombo hicho kilisafiri kwa tanga mwaka 2010 hadi Singapore.

Katika kazi zote nne yatakiwa jambo la tano: uwekaji kumbukumbu. Vipimo, michoro na picha vichukuliwe kabla ya ubao wa kwanza kuondolewa, na kila kipande kiandikwe jina alitumialo fundi. Ikiwa fundi wa Lamu na fundi wa Zanzibar wanatofautiana, majina yote mawili yaandikwe pamoja na mahali yalikotoka. Usanifishaji uje baadaye. Hauwezi kuchagua kati ya maneno ambayo hayakuandikwa.

Kutwika na kutweka

Turudi Kigwa. Mpagazi alitwikwa mzigo asubuhi, na alipofika kambini aliutua. Baharia hutweka tanga apatapo upepo, na afikapo bandarini hulitua. Kutwika na kutweka ni maneno ya jamaa moja, na kutua ni lile lile. Hata neno safari halikubagua kati ya nyika na bahari. Wala vyombo vyenyewe havikubaki pwani: Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, Speke alivuka Ziwa Tanganyika ili kukodi jahazi la mfanyabiashara Mwarabu, lakini hakulipata. Jahazi lilikuwa limekwisha kufika ng'ambo ya Unyamwezi, na maneno yake hayakosi kuwa yalipita njia hii hii, vinywani mwa watu waliotwikwa mizigo.

Kwa hiyo mwalimu wa Tabora asione kwamba msamiati wa chombo ni mali ya watu wa pwani peke yao. Aanzie kwenye mzigo ambao mwanafunzi anaujua, kisha amfikishe kwenye tanga. Mfasiri asilifute neno la fundi kwa sababu tu halikulijua. Naye mtumishi anayeandika mkataba wa kutengeneza chombo cha kale atamke wazi ni ipi kati ya kazi nne anayoilipia, na kiasi gani kitatumika kuweka kumbukumbu. Wageni waliyaandika maneno ya msafara kwa kuwa hawakuwa na mengine. Sisi tunayo maneno ya chombo, na mafundi wanaoyatumia bado wako kazini. Yatupasa kuwaendea na kuyaandika wakingali wanaweza kutuonesha kwa mkono ni ipi henza na ni ipi jarari.