Nundu ya 750 GeV: chembe mpya iliyoyeyuka

Wiki iliyopita nikiwa kafe nilikutana na kichwa cha habari: wanasayansi wameona dalili za chembe mpya isiyokuwemo kwenye nadharia. Nikawatangazia washikaji mle ndani kama nimeokota almasi. Kumbe sikuangalia tarehe! Habari ilikuwa ya Desemba 2015, na chembe yenyewe haipo. Nimechekwa vya kutosha, nikaamua kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Mashine yenyewe
Inaitwa LHC, ni ya taasisi ya CERN. Iko chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, na mzunguko wake ni kilometa 27. Protoni zinakimbizwa humo karibu na kasi ya mwanga, zinagonganishwa, halafu vyombo kama ATLAS na CMS vinarekodi kinachoruka.

Wanatafuta nini?
Nadharia iliyopo inaitwa Modeli Sanifu. Chembe yake ya mwisho kupatikana, Higgs, ilitangazwa tarehe 4 Julai 2012. Lakini nadharia hiyo haina mvutano ndani yake, wala haielezi maada ya giza inayoshikilia magalaksi. Kwa hiyo lazima kuna kitu zaidi.

Nundu
Migongano mingine hutoa fotoni mbili, yaani chembe za mwanga. Wanajumlisha nishati yake na kuchora grafu. Kama hakuna jipya, mstari unateremka taratibu. Chembe mpya huonekana kama nundu.

Tarehe 15 Desemba 2015, ATLAS na CMS wote walionyesha nundu karibu na 750 GeV, kama mara 6 ya uzito wa Higgs. Wananadharia wakaandika makala zaidi ya 500 kuielezea. Agosti 2016, kwenye mkutano wa Chicago, zikaletwa data nyingi zaidi, kama mara 4. Nundu ikawa imeyeyuka.

Nani alidanganya?
Hakuna. Rusha sarafu mara 10: kupata kichwa zote 10 ni ajabu. Lakini wakirusha watu 1,000, huenda mmoja akapata, na sarafu yake haina uchawi wowote. Grafu nayo ina sehemu nyingi za kuangalia. ATLAS walipata sigma 3.6 pale penye nundu, lakini walipozingatia sehemu zote walizotafuta ikashuka hadi karibu 2. Ugunduzi unataka sigma 5, yaani bahati tupu ingeleta kitu kama hicho mara 1 tu kati ya milioni 3.5. CERN wenyewe hawakusema wamegundua. Tuliosema ni sisi wa vichwa vya habari.

Ukitaka kujaribu
Tangu Novemba 2014 CERN wanaweka data kwenye intaneti bure. Aprili 2016 CMS walimwaga terabaiti 300 kwa mpigo, kwa hiyo usije na flashi yako! Ila kuna mafungu madogo ya kujifunzia, na grafu unachora mwenyewe.

Ukiona nundu, angalia tarehe kwanza, halafu uliza sigma ngapi. Naomba kuwasilisha. Maoni ruksa, na kunicheka pia ruksa.